Kampuni ya Mkate wa Kwanza

Mama Tanuri alipata wifi kwanza, mume akafuata baadaye. Watu wengi huanza na mume, na wifi huja kama nyongeza wasiyoiomba. Kwake mambo yalikwenda kinyume, na kwa miaka mingi alilisimulia jambo hilo kwa kicheko, akisema yeye aliolewa na wifi yake na mume akapewa kama bakshishi.

Wakati huo alikuwa msichana wa kufagia katika jiko la shule ya bweni. Mwokaji wa pale alipoanguka mgonjwa, akaambiwa ajaribu yeye. Akajaribu, akaunguza trei nzima, mpishi mkuu akamporomoshea matusi mbele za watu, na kesho yake akajaribu tena. Hakuna aliyekaa naye akamfundisha. Alijifunza kwa kuungua, na ushahidi ulikuwa mikononi mwake: alama tele kutoka viganjani hadi karibu na viwiko, za zamani zimegeuka rangi ya chai, mpya zikiwa bado nyekundu. Baada ya muda mikate yake ikaanza kusifiwa hadi ofisi ya walimu, na siku moja mwalimu wa Kiingereza akashuka mwenyewe jikoni kumtazama huyo anayeioka.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mkoba mweusi haumbanduki kwapani. Wanafunzi walimwogopa na walimu wenzake walimkwepa, kwa sababu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuliacha neno lipite bila kulisimamisha na kuliuliza limetoka wapi. Weka kikombe mezani, atakuambia meza ni Mreno. Futa jasho kwa leso, atakuambia leso naye ni Mreno vilevile. Sema unakwenda shule, utaelezwa kwamba shule ni Mjerumani aliyeachwa na wenzake walipoondoka. Watu walimchoka. Msichana wa jikoni hakumchoka hata kidogo, maana katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumweleza kitu ambacho hakikuwa amri.

Basi Mwalimu akawa anashuka jikoni kila jioni, anakula mkate moto na kumwaga maneno. Mwisho akasema ana mdogo wake wa kiume, dereva, mpole, halewi, hana makuu. Yote yalikuwa kweli. Msichana akaolewa, na siku ya harusi aliyelia kwa furaha kuliko wote alikuwa wifi mtu.

Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaondoka kila mmoja na njia yake. Mwalimu naye akawa mjane, binti yake akahamia mbali, akastaafu. Baba yake Mwalimu alipofariki aliwaachia, yeye na mdogo wake Dereva, nyumba kwenye barabara ya nyuma ya soko: juu vyumba vya kuishi, chini ukumbi mrefu uliokuwa ghala la mbao. Kila mtu alikuwa na ndoto yake juu ya ule ukumbi. Dereva alitaka gereji. Mama Tanuri hakusema neno, maana nyumba haikuwa yake, lakini Mwalimu alimtazama usoni, akatazama ukuta wa nyuma, akasema, "Hapa pajengwe tanuri." Dereva hakubisha. Hakuwa mtu wa kubisha, na wakati ule mkewe alihesabu hiyo kuwa ni tabia njema.

Tanuri lilijengwa na Fundi, mwashi mmoja wa mtaani aliyezoea kusema na matofali yake kama wengine wanavyosema na kuku. Mama Tanuri alisimama naye tangu tofali la kwanza. Akamwambia hapa shusha dari, hapa nafasi ya moshi ni kubwa mno, utaniachia joto lote liende angani. Fundi alinuna, akabomoa, akajenga upya, na mwisho akakiri kwamba hajawahi kujenga kitu kizuri kama hicho. Siku lilipowashwa kwa mara ya kwanza walikuwepo wote: Fundi, Dereva, na binti waliyemwajiri kuuza kaunta, aliyeitwa Kasuku kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi mtaa mzima unalo kabla ya adhuhuri. Mkate wa kwanza ukiwa bado ndani, Mwalimu akashuka ngazi amekumbatia kamusi nene ya Kiingereza.

"Wifi," akasema, "hapa tumeanzisha nini?"

"Duka la mikate."

"Tumeanzisha kampuni. Unajua kampuni ni nini?"

"Si ndio wale wenye magari na walinzi getini?"

Mwalimu akavaa miwani. Kasuku akamkonyeza Dereva, maana walishajua miwani ikipanda puani kinachofuata ni somo.

"Neno tumelichukua kwa Mwingereza," Mwalimu akaanza. "Mwingereza kalitoa kwa Mfaransa. Mfaransa kalirithi kutoka Kilatini, na huko kwenye Kilatini ndani yake kuna vitu viwili vimebanana: pamoja, na mkate. Kampuni ni watu wanaokula mkate pamoja. Basi! Magari, walinzi, mihuri, hayo yote yamekuja kuota juu yake."

"Mkate huu huu?" Mama Tanuri akauliza, akionyesha tanuri.

"Mkate huu huu. Halafu sikiliza. Mwingereza analitumia neno hilo kwa wageni waliomjia sebuleni, kwa waigizaji wanaozunguka na michezo yao, kwa mabaharia wa meli moja, kwa askari. Sisi tumelikopa mara tatu bila kujijua. Biashara tukaiita kampuni. Askari tukawaita kombania. Na mtu akichoka upweke anakuomba umpe kampani. Ni lile lile, limevaa nguo tofauti."

"Kwa hiyo hao askari walikuwa wanagawana mkate?" Fundi akauliza.

"Ulitaka wapigane na njaa?"

Wakacheka wote. Mkate ukatoka, ganda limepasuka vizuri katikati, na Kasuku akakimbilia kisu. Mwalimu akamzuia. Wakaurarua kwa mikono, wakaungua vidole, wakala wakipuliza na kutoa machozi, na Mama Tanuri, ambaye alikuwa ameshaoka mikate isiyo na idadi katika maisha yake ya kuajiriwa, akajiona kwa mara ya kwanza ni mtu mwenye kitu chake.

Hapo ndipo desturi ilipozaliwa. Kila asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, mkate wa kwanza ulikuwa wa wenyewe. Hauuzwi, haukatwi kwa kisu, hauliwi na mtu amesimama. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuacha jambo jepesi libaki jepesi, akaongeza kanuni yake: mwenye neno moyoni dhidi ya mwenzake alitoe kabla hajatia kipande mdomoni. Ukishakula, umesema kwamba moyo wako mweupe. Hakuna kula huku umeficha.

Usidhani ilikuwa kanuni ya maonyesho. Ilifanya kazi kweli, na mara nyingine ilichekesha. Kasuku aliwahi kumshitaki Dereva kwamba anampigia honi mbele ya mchumba wake ili kumwaibisha. Dereva akakiri, akaomba radhi, wakala. Siku moja waliokuwa na neno walikuwa ni mawifi wenyewe. Jana yake Mwalimu aliwaambia wateja kwamba mikate imeungua na wasamehe, mwokaji kazidiwa. Mama Tanuri akaamka nalo moyoni. Wakakaa kuuzunguka mkate, ukapoa, wateja wakawa wanagonga mlango, na Dereva, amekaa juu ya gunia la unga, akasema, "Semeni basi, watoto wa watu wanachelewa shule."

"Wifi," Mama Tanuri akasema, "jana ulinivua nguo mbele ya wateja."

Mwalimu akavua miwani. "Nimekosa. Ningekuita pembeni. Nisamehe."

Wakaurarua mkate uliopoa, wakala. Mama Tanuri aliapa baadaye kwamba hajawahi kula mkate mtamu kama ule.

Sasa hapo ndipo alipokosea, kama kuamini watu wako ni kosa. Aliacha kuuliza. Nani anazungumza na nani juu ya nyumba, Mwalimu anaandikiana nini na binti yake, Dereva anachelewa wapi na gari la mikate: hakuuliza hata moja. Kwa nini amchungulie mtu mfukoni wakati kila asubuhi anamwona moyoni? Na kuuliza kungekuwa tusi. Kungekuwa ni kumwambia mwenzako, juzi ulipokula pale mbele yangu, ulikula ukiwa mwongo.

Kisha Mwalimu akaacha kula.

Hakuacha kwa kishindo. Alikaa mahali pake pa kila siku, akachukua kipande chake, na badala ya kukitia mdomoni akakifunga kwenye leso, akakitumbukiza mkobani. "Nitakula juu na chai," akasema. Kesho yake hivyo hivyo. Mama Tanuri akamtazama wifi yake, mashavu yaliyobonyea, mkono unaopanda kila mara kushika taya, akafikia uamuzi wake kimoyomoyo: meno. Mwanamke yule mwenye fahari zake anaumwa meno, ganda linamshinda, naye anaona haya kusema mbele ya Kasuku.

Basi akafanya jambo ambalo mwokaji mwenye akili zake hafanyi. Mkate wa Mama Tanuri ulikuwa na ganda gumu jekundu linalolia ukilibonyeza, na watu walivuka mitaa kulifuata ganda hilo. Akaanza kuliua. Akaongeza maziwa kwenye unga, akaongeza mafuta, akaacha tanuri lipoe zaidi kabla ya kuingiza trei, na mikate ikitoka akaifunika kwa vitambaa vibichi ili mvuke uilainishe. Roho ilimuuma kila alipoifunika. Alikuwa anaharibu kazi yake kwa mikono yake mwenyewe, na hakumwambia mtu sababu, asije akamfedhehesha wifi yake.

Wateja hawakukaa kimya. "Mama Tanuri, huu ni mkate au mto wa kulalia?" akauliza mzee mmoja aliyerudisha wake. Kasuku akaleta habari kutoka kaunta: "Wanasema umezeeka, mkono umeisha."

"Waambie ni kweli, nimezeeka."

Aliyefurahi alikuwa Dereva. Alikula kipande chake na kunyoosha mkono kuomba kingine. "Huu wa sasa ndio mkate," alisema mdomo umejaa. "Ule mwingine ulikuwa unanichana ufizi." Mkewe akatabasamu, akampa.

Lakini Mwalimu aliendelea kufunga kipande chake kwenye leso. Asubuhi moja Mama Tanuri akamfuata hadi chini ya ngazi na kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi. "Sukutua haya, wifi. Na tukitoka kwenye kazi za leo nikupeleke ukaangaliwe. Usife na maumivu kwa aibu ya bure." Mwalimu akapokea kikombe. Macho yakamjaa machozi, akageuka haraka akapanda ngazi, na Mama Tanuri akabaki pale chini akimwonea huruma. Masikini ya Mungu! Yeye ndiye aliyekuwa anamwonea mwenzake huruma.

Habari ililetwa na Fundi. Ilikuwa mchana, duka limepoa, Kasuku ametoka kula, Dereva yuko njiani na gari. Mama Tanuri alikuwa anakwangua meza ya kukandia. Fundi akaingia amevua kofia, hakumsalimia vizuri, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tanuri, akaweka kiganja ukutani mwake.

"Pole sana, shemeji."

"Pole ya nini? Nani amefariki?"

"Ya hili." Akalipapasa. "Mimi mara ya kwanza niliwakatalia. Wakaniambia nisipobomoa mimi wataleta vijana wao na nyundo. Nikaona bora nilitoe mwenyewe, taratibu. Nimekuja kukuuliza kama utayataka matofali ya ndani. Yale yamepikwa na moto wako miaka yote, hupati mengine."

Mama Tanuri akacheka, maana Fundi alikuwa na mizaha mikavu. "Wamekwambia nani hao?"

"Watu wa kile kiwanda cha mikate. Si wanapanga hapa chini mwezi ujao? Hawataoka. Mikate inaletwa imeshafungwa kwenye nailoni, hapa ni ghala la kugawia tu. Wamenionyesha wapi mlango wa magari utapita." Akageuka, akamwona uso. Kofia ikamponyoka mkononi. "Shemeji. Hawakukwambia?"

Alikuwa ameshika chuma cha kukwangulia na hakujua akiweke wapi.

"Mimi nimeonana na mtu wa kiwanda," Fundi akasema, sasa sauti imepungua, "na Mwalimu alikuwepo. Sijui zaidi. Nisamehe, nilijua unajua. Ninyi watu wa mkate mmoja."

Mama Tanuri akapanda juu, na kwa kila ngazi hasira yake iliongezeka maradufu, kwa sababu aliibeba na ya mumewe. Akilini alimwona Dereva akirudi na kuambiwa kwamba dada yake kampangisha mtu nyumba ya baba yao kisirisiri. Yule mpole atawaka leo! Na nusu ya nyumba ni yake, hakuna wa kumtoa. Wazo hilo ndilo lililompa nguvu za kufika juu.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa kimebadilika. Rafu zilikuwa tupu, vitabu vimo kwenye makatoni yaliyofungwa kamba, sanduku limefunguliwa juu ya kitanda. Mwalimu alikuwa anakunja sketi. Akaendelea kuikunja hata baada ya kumwona aliyeingia.

"Wifi," Mama Tanuri akasema, "meno yako yanaendeleaje?"

Sketi ikabaki hewani. "Amekuja nani?"

"Fundi. Anauliza kama nataka matofali."

Mwalimu akaketi ukingoni mwa kitanda. Alionekana mzee ghafla, na Mama Tanuri akakasirika zaidi kwa kuwa alimwona mzee.

"Miguu yangu imekataa ngazi, wifi. Mwanangu ananiita nikakae naye. Na hili jambo lilipokuja, niliona..."

"Ungeniambia."

"Nilitaka kukuambia."

"Kila asubuhi nilikupa nafasi! Kila asubuhi ya Mungu nimekaa mbele yako na mkate katikati. Kanuni si uliiweka wewe? Mimi nilikuwa najua kampuni ni mdudu gani? Wewe ndiye uliyenitoa jikoni kwa watu ukaniambia nina watu wangu. Kumbe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mimi sikula," Mwalimu akasema.

Akainuka kwa shida, akavuta bati la biskuti kutoka chini ya kitanda, akalifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya mkate, vingine vimekuwa vigumu kama mbao, vingine vimeota ukungu wa kijani, vimepangwa kwa uangalifu vile vile alivyopanga vitabu vyake. Hakukuwa na kilichoumwa hata pembeni.

"Tangu siku tulipokubaliana nao, sikutia hata kipande mdomoni. Sikuthubutu. Na kukitupa pia sikuweza. Ningekula ningekuwa nimekudanganya machoni."

"Na usipokula ndiyo umesema kweli?"

Mwalimu akaligeuza bati mikononi, yeye aliyekuwa na jibu kwa kila neno duniani.

"Nimeuharibu mkate wangu kwa ajili yako," Mama Tanuri akasema. Sasa alikuwa analia na hakujali. "Watu wamenicheka. Wamesema nimezeeka. Nikanyamaza nikasema wifi yangu anaumwa meno."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilijua ulipoanza kuifunika na vitambaa."

Hilo likamchoma kuliko tanuri. Kumbe alitazamwa! Siku zote zile mtu alikaa akamtazama akijidhalilisha kwa mapenzi, akaona, akaelewa, akafunga kipande chake kwenye leso akapanda juu. Mama Tanuri akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Haya. Subiri mume wangu arudi. Nyumba hii ni yenu wawili. Huwezi kumpangisha mtu hata choo bila yeye."

Mwalimu akalifunga bati polepole, akaliweka magotini. Alipoinua uso, haukuwa na hila yoyote, ulikuwa na huruma tu, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha Mama Tanuri kabla hajasikia neno.

"Ni kweli," akasema. "Bila yeye nisingeweza."

Chini barabarani mtu alipita akipiga mluzi.

"Yeye ndiye aliyewaleta, wifi. Alikutana nao huko anakogawa mikate. Wamemwahidi awe msimamizi wa madereva wao, na gari jipya. Nilimwambia tukuite tukae. Akasema mambo ya mke wake nimwachie mwenyewe, atakwambia kwa wakati wake. Nikamwachia. Kila asubuhi nilikuwa namsubiri aseme. Nilikuwa namtazama yeye, si wewe. Naona anachukua kipande, anakitafuna. Anaomba kingine."

Mama Tanuri akashuka. Hakukumbuka baadaye alishukaje. Alimkuta Kasuku amerudi kaunta, akamwambia afunge aende nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe Kasuku akaondoka bila kuuliza kitu. Kisha akaketi mezani pake pa kukandia, mikono ameilaza juu ya mbao, akaisikiliza barabara mpaka aliposikia mlio wa gari alioujua.

Dereva akaingia na trei tupu begani, anapiga mbinja. Akamwona mkewe, akaiona na kaunta haina mtu, na mbinja ikakatika. Akaziweka trei chini moja moja, taratibu mno, kama mtu anayetafuta kazi nyingine ya kufanya.

"Fundi alikuja," Mama Tanuri akasema.

"Aah."

"Nimepanda na juu."

Dereva akavuta kiti, hakukalia. "Nilitaka nikwambie mambo yakikamilika. Nakujua wewe, usingelala usingizi."

"Wewe umepata kazi. Na mimi?"

"Wewe utapumzika, mama watoto. Umeungua vya kutosha. Angalia hiyo mikono." Alisema kwa upole wake ule ule wa siku zote, na alikuwa akimaanisha. Kichwani mwake alikuwa amemfanyia mkewe hisani.

"Nani amekwambia nataka kupumzika? Uliniuliza lini?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Naam, angekataa. Kwa mara ya kwanza tangu mchana alikuwa amesikia neno la kweli bila kulichimba. Akayashusha macho kwenye mikono yake, akatafuta swali moja ambalo likijibiwa angeweza kuishi na mtu huyu. Alilipata. Hakulisema kwa kelele.

"Dada yako hakula. Ana bati zima la vipande kule juu, vimeoza. Amenitenda vibaya, lakini mkate ulimkwama. Wewe ulikula. Ulijua unayoyajua, ukakaa mbele yangu, ukala, ukanyoosha mkono nikuongeze. Kwa nini ulikula?"

Alikuwa amejiandaa kwa majibu yote. Angesema alikula ili asishtukiwe, angekuwa laghai, na laghai unajua namna ya kumchukia. Angesema kila kipande kilimpalia, wangelia pamoja. Dereva akakunja uso. Alilifikiria swali kwa unyofu kabisa, akamtazama mkewe kama mtu aliyeulizwa kitu kisicho na maana.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

Mama Tanuri akamwangalia, akaona kwamba hadanganyi. Asubuhi zote zile, tangu siku ya mkate wa kwanza na kamusi, yeye alikuwa anaweka moyo wake juu ya meza, na mwanamume huyu alikuwa anapata kifungua kinywa. Hakuisaliti kanuni. Hakuwahi kuwa ndani yake.

Akashindwa hata kulia. Wakakaa hivyo, mmoja ameketi, mmoja amesimama na mkono juu ya mgongo wa kiti, mpaka jua likaondoka kwenye dirisha la kaunta. Mwisho Dereva akakohoa, na kwa sauti ya mtu anayejaribu kuyarudisha mambo mahali pake, akauliza kama kuna chochote cha kula.

Akamjibu hakuna. Kilikuwepo, sufuria nzima, jikoni, kimefunikwa.